Queen II barazani: maswali yanayorudi kila tukiisikiliza

Mara moja kwa mwezi tunakaa kwenye baraza moja huko Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, tukasikiliza santuri nzima, tangu sindano iguse mpaka iinuke. Hakuna iliyotugombanisha kama Queen II. Wapo wanaoamini Freddie Mercury hakuwahi kufanya kazi kubwa kuliko hii, na wapo walioaga kabla upande wa pili haujaanza. Nimekusanya hapa maswali ambayo kila mgeni huuliza, na ambayo sisi wenyewe hatujachoka kuulizana. Mimi nimo katika kundi la wanaoipenda. Nalisema mapema ili msomaji ajue anayemjibu amekaa wapi.

## Kwa anayeanza

Queen II ni albamu gani?

Ni albamu ya pili ya bendi ya Queen ya Uingereza, iliyotoka tarehe 8 Machi 1974. Waliirekodi mwezi wa Agosti 1973 katika studio ya Trident, London. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa saa za kuokoteza, studio inapokuwa haina mteja. Hii ya pili walipewa muda wao, na ukisikiliza utajua: sauti juu ya sauti, gitaa juu ya gitaa, mpaka watu wanne wanasikika kama kikosi kizima.

Wanne hao ni Freddie Mercury kwenye sauti na piano, Brian May kwenye gitaa, Roger Taylor kwenye ngoma na John Deacon kwenye besi. Nyimbo ni 11, na zote pamoja ni kama dakika 40.

Sisi wa Unguja inatuhusu nini?

Freddie alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Maparsi waliotoka Bara Hindi. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa mahakama katika serikali ya kikoloni. Akiwa bado mdogo alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, familia ikahamia Uingereza. Hebu piga hesabu: alipoingia studio kurekodi Queen II alikuwa kijana wa miaka 26, na ilikuwa imepita miaka 9 tu tangu aondoke.

Jina lake leo liko kwenye fulana na kwenye ziara za Mji Mkongwe, na makumbusho yake yako Shangani tangu mwaka 2019. Ikiwa tunakula kwa jina la mtu, basi na kazi yake tuisikilize, hasa ile ambayo mwenyewe aliitia nguvu zote kabla dunia haijamjua.

Albamu ya dhana ndiyo ipi, na hii ni mojawapo?

Albamu ya dhana ni ile ambayo nyimbo zake zimefungwa na wazo moja au hadithi moja, zikapangwa kwa makusudi ili zisikilizwe kwa mfuatano. Nyingine zina wahusika na mwanzo na mwisho, kama tamthilia. Nyingine zina hali moja tu inayotanda kote.

Queen II imo katika kundi hilo la pili. Haina hadithi moja inayokwenda kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na anayeitafuta atajichosha bure. Ina mgawanyo: nyeupe na nyeusi, malkia kwa malkia. Kuna wenzetu barazani wanaosema bila hadithi hakuna dhana, kwamba hizo ni rangi tu zilizopakwa juu. Mimi naona rangi hizo zimeamua mengi mno kuwa pambo: nani atunge upande upi, nyimbo ziungane wapi, hata picha zipigwe vipi. Ndani ya jalada wamevaa nyeupe, nje wanatazama kutoka gizani.

Upande Mweupe na Upande Mweusi ni nini hasa?

Santuri za kawaida zina upande wa kwanza na wa pili. Hii haina namba. Upande Mweupe una nyimbo tano: nne za Brian May na moja ya Roger Taylor. Upande Mweusi una nyimbo sita, zote za Freddie. John Deacon hakutunga hata mmoja katika albamu hii, zamu yake ilikuja baadaye.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Watu wawili wenye tabia mbalimbali kabisa wamepewa nusu kwa nusu ya santuri moja, kila mmoja ajenge nyumba yake. Wengi wanaosema wanaichukia Queen II wanachukia nusu moja. Waulize ipi.

Picha ile ya nyuso nne gizani ndiyo ya video ya Bohemian Rhapsody?

Picha ilitangulia. Aliipiga Mick Rock kwa ajili ya jalada la Queen II, akiongozwa na picha ya zamani ya mwigizaji Marlene Dietrich. Video ya wimbo huo wa Queen, ya mwaka 1975, iliirudia sura hiyo kwa kuihuisha. Kwa hiyo hata asiyewahi kusikia wimbo mmoja wa albamu hii, jalada lake analijua.

## Kwa nini tunagombana

Kwa nini albamu moja inawagawa watu hivi?

Nimeyasikia mabishano haya kwa miaka, na nimefikia kuamini kwamba watu hawabishani juu ya kitu kimoja. Kuna msikilizaji wa nyimbo na kuna msikilizaji wa upande. Msikilizaji wa nyimbo anataka kila wimbo usimame peke yake, uwe na kiitikio cha kushika, na ukimalizika aweze kuuimba akienda zake Darajani. Kwa mtu huyo Queen II ina wimbo mmoja tu, Seven Seas of Rhye, uliofika nafasi ya 10 Uingereza ukawa wa kwanza kuwapa jina. Kumi vilivyobaki anaviona vipande.

Msikilizaji wa upande anakaa dakika ishirini bila kuinuka. Kwake Ogre Battle unaingia katika The Fairy Feller's Master-Stroke, nao unaingia katika Nevermore bila nafasi ya kuvuta pumzi, na huko kuunganika ndiko anakokupenda. Ukimkatia kipande kimoja akakisikiliza peke yake, naye atakwambia hakina maana.

Hapa kwetu kuna mgawanyiko mwingine ambao sijausikia ukitajwa kwingine. Maalim mmoja wa ganuni, chombo cha nyuzi cha taarab, alikaa nasi usiku mzima, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema gitaa la Brian May linamchosha. Nilimuuliza kwa nini. Akaniwekea vidole mezani: katika taarab, fidla na ganuni na nai na akodiani zote zinakwenda na sauti ile ile moja, kila chombo kikiipamba kivyake. May anachukua gitaa moja, analirekodi tena na tena, kila mara kwa sauti nyingine, kisha anayabandika yote pamoja. "Mimi nasubiri njia," alisema Maalim, "yeye ananipa ukuta." Sijawahi kusikia hoja nzuri zaidi dhidi ya albamu hii, na imetoka kwa mtu asiyejua hata jina la wimbo mmoja wa Queen.

Wahakiki wa wakati ule walisemaje?

Uingereza wengi hawakuipenda. Waliona ni kazi iliyojaa madoido, ya bendi inayojikweza kabla haijafika. Wanunuzi hawakusubiri ruhusa yao: albamu ilipanda mpaka nafasi ya 5 Uingereza. Marekani ilifika 49. Baadaye wanamuziki wenyewe ndio walioitetea. Axl Rose, mwimbaji wa bendi ya Guns N' Roses, ameitaja hadharani kuwa ndiyo anayoipenda katika za Queen.

Mimi nawajua Queen kwa We Will Rock You. Mbona hapa siwatambui?

Wimbo ule ni wa 1977, na ulitungwa ili umati wa watu uweze kuupiga kwa miguu na viganja. Mwaka 1974 hawakuwa na umati bado. Walikuwa vijana wanaotaka kuthibitisha kila wanachokiweza kwa mara moja. Usikilize Queen II ukitafuta Queen wa viwanja vya mpira, hutowaona. Ukitaka daraja, anza na albamu ya Sheer Heart Attack iliyotoka Novemba mwaka ule ule wa 1974, kisha urudi nyuma.

Je, ni kweli Upande Mweupe unachosha, na watu huuvumilia tu wakingojea Mweusi?

Hili ndilo lawama kubwa, na ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote.

Tuanze na Procession. Ni dakika moja na kidogo ya gitaa na ngoma nzito, hakuna anayeimba. Wageni wengi huuliza wimbo utaanza lini. Aliyekulia taarab hana haja ya kuuliza. Sisi tunajua bashraf ni nini: waimbaji wamekaa, vyombo vinatangulia, watu wanatulia vitini na masikio yanafunguka. Procession inafanya kazi hiyo. Gitaa zinaingia kwa mwendo wa jeneza, na sauti utakayoisikia mwishoni mwake itarudi katika wimbo unaofuata.

Huo unaofuata, Father to Son, ni wa zaidi ya dakika sita. Baba anazungumza na mwanawe, anamkabidhi maneno aliyoyapokea kwa baba yake, na anajua mtoto hatoyaelewa leo. Katikati muziki unachafuka na kuwa mzito, halafu unarudi kwenye utulivu. Gitaa analopiga May humo alilijenga yeye na baba yake mzazi kwa mikono yao, kazi waliyoianza mwaka 1963, na mti wa shingo yake ulitoka kwenye fremu ya meko ya zamani. Nikilijua hilo, siusikii tena kama wimbo mrefu. Nasikia mti wa meko.

Halafu White Queen. Mzee mmoja wa Mkunazini, aliyekuwa amelala nusu, aliinua kichwa pale gitaa kavu linapovuma katikati kama sitari. Akauliza, "Hii ni ya Kihindi?" Hapana, ni gitaa tu, lakini sikio lake halikukosea mlio.

Some Day One Day unaimbwa na May mwenyewe, mara yake ya kwanza kuongoza wimbo katika albamu ya Queen. Ana sauti nyembamba, ya mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala. Wanaosema ni dhaifu wanailinganisha na ya Freddie, na kwa Freddie nani asingekuwa dhaifu?

Kwa hiyo, hapana, upande huu hauchoshi. Unakwenda polepole kwa sababu ni upande wa wazazi, kumbukumbu na kungoja.

The Loser in the End inafanya nini pale?

Hapa nakubaliana na wapinzani nusu. Ni wimbo wa Roger Taylor, ameutunga na kuuimba, na mlio wake ni wa roki ya mtaani, hauna uhusiano na malkia wala weupe. Ukisikika baada ya Some Day One Day ni kama mtu amefungua mlango kwa teke.

Ila sikiliza maneno. Ni mama aliyeachwa na kijana aliyeondoka nyumbani. Upande ulioanza na baba na mwanawe unamalizikia kwa mama na mwanawe. Sijui kama walilipanga. Nimelisikia, na tangu hapo siwezi tena kusema wimbo huo umepotea njia.

## Upande Mweusi kwa karibu

Unaanzaje? Mbona mwanzo wa Ogre Battle unasikika kama umegeuzwa?

Umegeuzwa kweli. Walichukua mwisho wa wimbo, wakauendesha utepe kinyumenyume, wakauweka mwanzoni. Ndiyo maana unasikia kelele inayokuvuta badala ya kukusukuma. Ukikaa mpaka mwisho utausikia tena, safari hii kwa njia yake sahihi.

Jina lenyewe ni vita vya mazimwi, na hapa mswahili hahitaji kamusi. Sote tumelelewa na zimwi. Bibi akisema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", tulijua usiku huo kuna mtu ataliwa. Wanaosema kwamba hizi ni hadithi za kitoto, na kwa hiyo albamu ni ya kitoto, nadhani wamesahau jinsi walivyokuwa wakiogopa kwenda msalani baada ya hadithi hizo.

Wimbo wa vichimbakazi umetoka wapi?

The Fairy Feller's Master-Stroke ni jina la mchoro wa Richard Dadd, Mwingereza aliyemuua baba yake mwaka 1843 akiwa amerukwa na akili, akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Humo alichora mchoro huo kwa takriban miaka 9, kati ya 1855 na 1864. Sasa uko katika jumba la sanaa la Tate, London. Ni mdogo, urefu wake sentimita 54 tu, lakini umesongamana viumbe vidogo visivyohesabika vilivyojificha katika majani, vyote vikimtazama mkata kuni aliyeinua shoka juu ya kokwa. Shoka halijashuka.

Wimbo ni wa dakika mbili na nusu na ushee. Freddie anapiga hapsikodi, kinanda cha zamani cha nyuzi, anawataja viumbe wa mchoro mmoja mmoja kwa kasi, na sauti zinaruka kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia kama vile jicho linavyoruka juu ya mchoro. Watu husema umejaa kupita kiasi. Umejaa kama kilichouzaa. Ukipata picha ya mchoro huo kwenye simu, iangalie huku unasikiliza. Nimewaona watu wawili wakibadili mawazo kwa njia hiyo pale pale barazani.

The March of the Black Queen ni wimbo au ni fujo?

Ni dakika sita na nusu, na ndani yake kuna vipande ambavyo bendi nyingine ingevitengenezea albamu nzima. Haurudii njia. Unapodhani umekipata kiitikio, kimeshapita. Jukwaani hawakuwahi kuupiga wote, walichukua kipande tu.

Tulikuwa na mpiga dumbaki mmoja, mtu wa kidumbaki cha harusini, aliyekuwa akipiga kwa vidole juu ya sinia la kahawa wimbo ukienda. Dakika za mwanzo aliufuata. Halafu vidole vikasimama. Kuna mahali mapigo ya mbilimbili na ya matatu yanakwenda kwa pamoja. Akasikiliza, akatabasamu, akaanza tena, mkono mmoja hivi na mwingine vile. "Hii tunaijua," akasema. Wale wanaoiita fujo wangemwona mkono wake.

Ukiujua wimbo huu, Bohemian Rhapsody hauwi tena muujiza ulioanguka kutoka mbinguni. Njia ilikuwa imeshafyekwa mwaka mmoja na nusu kabla.

Na Funny How Love Is?

Unatoka moja kwa moja mwishoni mwa March, ni mwepesi, sauti zimerundikwa mpaka maneno yanazama. Binafsi ndio ninaouona dhaifu kuliko yote ya Freddie humu. Wapo wanaosema baada ya uzito ule masikio yanahitaji hewa. Sawa, lakini hewa yenyewe ina vumbi.

Ni muziki wa kishetani? Malkia mweusi, mazimwi, viumbe…

Swali hili huja kwa heshima na nalijibu kwa heshima. Nimeyasoma mashairi yote. Ni ngano: wafalme, malkia, mazimwi, wachawi wa hadithini. Hakuna ibada ndani yake wala mwito wa kuabudu chochote. Aliyeona kwamba muziki wenyewe haumfai kwa dini yake, hilo ni lake na hatubishani naye. Tunachokataa ni kumzulia mtunzi jambo asilolifanya.

Rhye ni wapi? Zile bahari saba si zetu hizi?

Rhye ni nchi ya kubuni ya Freddie. Albamu ya kwanza inaishia na kipande kifupi cha wimbo huu bila maneno, Queen II inaishia na wimbo kamili, na mfalme wa Rhye anatajwa tena katika Lily of the Valley kwenye Sheer Heart Attack. Ni nchi aliyotembea nayo kwa albamu tatu, kisha akaiacha.

Najua tunavyotamani. Mtoto wa mji wa bandari, majahazi mbele ya nyumba, kisha anaimba bahari saba! Nami nilitaka iwe hivyo. Lakini hakuna mstari hata mmoja katika albamu hii unaoitaja Zanzibar, na wimbo wenyewe unamalizikia kwa watu kuimba kibwagizo cha zamani cha Waingereza cha kufurahia ufukwe wao, si wetu. Anayetaka kusema Rhye ni Unguja alete ushahidi. Mpaka hapo, tumwachie Freddie nchi aliyojibunia.

Nyeupe na nyeusi ni dini ya Kiparsi?

Maparsi ni Wazoroastria, na dini yao inasimama sana juu ya nuru kupambana na giza. Ndiyo maana wengi wanaliona jibu hapo. Shida ni mbili. Upande Mweupe si wa Freddie, ni wa May na Taylor, ambao si Maparsi. Na pande hizi mbili hazipigani, hakuna inayoishinda nyingine. Nadhani malezi yake yangeweza kumfanya aipende taswira hiyo. Kusema albamu ni mahubiri ya Kizoroastria ni kuikaza zaidi ya inavyonyooka.

"Bismillahi" iko wimbo gani?

Haimo humu. Ni katika Bohemian Rhapsody, albamu ya A Night at the Opera, 1975.

## Namna ya kusikiliza

Kwenye simu nyimbo zinakatikakatika. Faili langu ni bovu?

Pengine si bovu. Nyimbo za Upande Mweusi zimeunganishwa, na programu nyingi za muziki huweka ukimya mdogo kati ya wimbo na wimbo. Ingia kwenye mipangilio uondoe ukimya huo, na zima ule uchezaji wa kuchanganya nyimbo. Nalisisitiza hili la pili kwa sababu limeniuma mwenyewe. Miaka ya nyuma nilinunua kanda yenye jina la albamu hii kwa muuzaji mmoja, nikaisikiliza miezi. Nyimbo zilikuwa zimepangwa ovyo, Nevermore upande wa kwanza, Procession mwisho, na mbili hazikuwemo. Nikawa nawaambia watu Queen II haina mpango. Siku nilipoisikia kwenye santuri niliona aibu kwa kila niliyemwambia.

Toleo lipi nitafute?

Lolote lenye nyimbo 11 kwa mpango wake. Matoleo mapya huongeza nyimbo za ziada mwishoni. Zisikilize siku nyingine. Baada ya Seven Seas of Rhye, nyamaza.

Kiingereza changu ni cha shida. Nitakosa nini?

Kidogo kuliko unavyohofu. Hata wenye lugha yao hawayakamati maneno yote ya March kwa kusikia. Ila jambo moja nitakuonya: masikio ya taarab yamezoea mafumbo, kwamba mtunzi akisema ua au nazi, kuna mtu anapigwa kijembe. Wageni wetu hutafuta fumbo hilo: Malkia Mweusi ni nani? Aliachana na nani? Humu picha ni picha. Zimwi ni zimwi. Ukiliacha liwe hivyo utastarehe zaidi.

Mtu asiyependa roki kabisa aanzie wapi?

Nevermore. Ni dakika moja na robo ya piano na sauti, ya mtu aliyeachwa. Ukiona haikugusi, basi umejaribu. Ikikugusa, rudi mwanzo wa upande (na usome jibu la Ogre Battle juu).

Ni kweli humu hawakutumia sintesaiza, ile mashine ya kuunda milio?

Jalada lenyewe linajitapa hivyo. Ile mivumo inayodhaniwa mashine ni gitaa na sauti za watu, zimerekodiwa safu juu ya safu.

Mwezi wa Ramadhani mnasikiliza?

Hatusikilizi. Tunarudi baada ya Idi.

Nimeisikiliza mara mbili na bado siipendi. Niendelee?

Mara mbili nzima, upande kwa upande, bila kuruka? Basi huna deni. Maalim wa ganuni hajaipenda mpaka leo na bado tunamwekea kiti. Kama mara zako mbili zilikuwa jikoni huku unakaanga samaki, jipe ya tatu, usiku, Upande Mweusi peke yake.

Umeme ukikatika katikati ya Upande Mweusi, mnaendelea pale ulipokatika?

Imetutokea mara nyingi, moja ikiwa pale pale mazimwi yanapoingia kwa vichimbakazi. Tulikaa gizani, kahawa ikapoa, na mtu mmoja akaanza kuimba sehemu iliyobaki kwa mdomo, gitaa na vyote. Umeme uliporudi tulikubaliana wote, hata wasioipenda: sindano irudi mwanzo wa upande.